Picha tatu za zamani kutoka Nachingwea: ni kambi ipi na ni vita vipi?

Mjukuu wa Stesheni (Nachingwea)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na wazee wote mlioko humu shikamooni.

Mwezi uliopita tulimaliza arobaini ya babu yangu mzaa mama, na katika kugawana vitu vyake mimi niliangukiwa na sanduku la bati ambalo kwa miaka yote lilikaa chini ya kitanda chake na ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha kazi kilicholiwa na mende, risiti za ushirika za mauzo ya korosho, na bahasha ya kaki yenye picha tatu nyeusi na nyeupe. Nyumbani picha hizi zimeitwa "picha za kambi ya vita" tangu mama yangu akiwa mtoto, lakini ukiuliza ni kambi ipi kila mtu ana jibu lake. Mjomba anasema ni vita vya Mjerumani. Bibi anasema ni kambi ya Samora, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji. Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam alizipiga picha kwa simu siku ya matanga, akaziweka mtandaoni zote tatu kwa maelezo kwamba hao ni askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) wakijiandaa kwenda Burma, na watu wameshazisambaza hivyo hivyo.

Naomba nizieleze kwa maneno, kwa sababu sitaki kuziweka hapa kabla sijajua ni za nani.

Picha ya kwanza ni ndogo, inaenea kiganjani, na kingo zake zimekatwa meno meno kama msumeno. Inaonyesha chombo kinachofanana kabisa na kifaru cha vita, chenye minyororo pande zote mbili na umbo zito la chuma, ila mzinga siuoni. Mbele yake wamesimama vijana sita na Mzungu mmoja aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Nyuma yao kuna pori ambalo miti yake yote imelala upande mmoja, kana kwamba imepitiwa na kimbunga.

Picha ya pili ni kubwa kidogo. Vijana wamepanga mistari mbele ya jengo refu la bati, bunduki begani, na mavazi yao hayafanani: wengine wana buti, wengine raba. Mstari wa mbele una wanawake wanne, nao wana bunduki. Nyuma yake mtu ameandika kwa penseli "Nachingwea, Mtwara" pamoja na maneno mawili yaliyofutika.

Picha ya tatu ndiyo inayoniuma. Ni ngumu kama kadi, na inaonyesha askari watatu wenye kofia za kitambaa kinachoshuka mpaka shingoni. Niliipeleka studio moja ili isafishwe, na kabla sijasema neno fundi alikuwa ameshaipaka gundi mgongoni na kuibandika juu ya kadibodi. Nakumbuka nyuma palikuwa na maandishi yaliyochapwa, lakini sikuyasoma.

Je, inawezekana zote tatu zikatoka kambi moja? Na kwa aliyewahi kukutana na picha za aina hii, nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu (Masasi)

Marahaba mjukuu, na poleni kwa msiba.

Kwa maelezo yako haziwezi kuwa za kambi moja, wala za vita vimoja. Huku kusini tumepitiwa na vita zaidi ya mara moja, na kila familia ina bahasha ambamo vyote vimewekwa pamoja. Nianze na hiyo ya tatu, ambayo nadhani ndiyo kongwe kuliko nyingine.

Kofia yenye kitambaa cha kukinga shingo jua ilivaliwa na askari wa pande zote mbili katika Vita Kuu ya Kwanza, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Askari wa Mjerumani walivaa tarbushi ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na mbele yake kulikuwa na nembo ya tai. Askari wa KAR, yaani wa Mwingereza, walivaa kofia fupi ya mviringo, nayo ikiwa na kitambaa nyuma. Kwa hiyo usiangalie kitambaa. Angalia urefu wa kofia na utafute nembo. Kisha shuka miguuni. Askari wa Mjerumani kwa kawaida walikuwa na viatu vya ngozi na matambaa yaliyozungushwa miguuni, ilhali wa KAR wa miaka hiyo mara nyingi walikuwa na matambaa hayo lakini nyayo peku, au wakivaa viatu vya wazi. Jengine: picha ngumu kama kadi, yenye maandishi yaliyochapwa mgongoni, huenda ilikuwa postikadi. Kama maandishi hayo yalikuwa Postkarte, basi ilichapwa kwa wateja wa Kijerumani.

Mjomba wako kwa hiyo si mwongo kwa picha hiyo moja. Waingereza waliingia Lindi, Sudi na Mikindani Septemba 1916, na mwaka uliofuata mapigano yakahamia bara. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika Afrika Mashariki: upande wa Mwingereza ulikuwa na askari wapatao 4,900, wakiwemo Wanigeria wengi, nao ulipoteza zaidi ya nusu yao kwa kuuawa, kujeruhiwa au kutekwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, alishinda siku hizo nne, lakini askari aliowapoteza hakuwa na pa kuwarudisha, na tarehe 25 Novemba mwaka huo huo alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Jeshi lililopita hapa Masasi na Newala lilikuwa jeshi linalorudi nyuma, likiishi kwa chakula cha wenyeji na kwa migongo ya wapagazi. Ukiwauliza wazee wa vijiji vya njia hiyo, habari walizorithi ni za mtama uliochukuliwa ghalani na za baba aliyebebeshwa mzigo asirudi, wala si za kambi.

Kuhusu Burma, mwambie binamu yako aondoe maelezo yale. Askari wa KAR waliopigana huko Burma, bonde la Kabaw, mwaka 1944 wanafahamika kwa kofia pana za kitambaa kizito, ukingo wake umekunjwa upande mmoja. Kwa maelezo yako hakuna hata mmoja katika picha zote tatu aliyevaa kofia hiyo.

Fundi Katapila (Mtwara)

Naomba niichukue hiyo picha ya kwanza, maana nimefanya kazi na mitambo tangu ujana na marehemu baba yangu alianza maisha yake ya kazi katika mradi wa karanga.

Ndugu yangu, hicho si kifaru, ingawa kilizaliwa kifaru. Baada ya vita vya pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 wakaanza mradi wa kulima karanga Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Dunia nzima wakati huo ilikuwa inatafuta matrekta na hayapatikani, ila vifaru vilivyobaki vitani vilikuwa vimejaa maghala. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua mitambo ya vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, ikaondoa mzinga na kuba lake, ikaiunda upya kuwa trekta. Waliunganisha majina mawili wakaliita Shervick. Ukilitazama kutoka ubavuni, minyororo na magurudumu yake madogo bado ni ya Sherman, na ndiyo maana mtu yeyote aliyewahi kuona sinema za vita atasema hiki ni kifaru.

Ila ushahidi mkubwa zaidi uko nyuma ya mashine. Umesema miti yote imelala upande mmoja. Hiyo haikuwa kazi ya mizinga. Walikuwa wanachukua mnyororo mzito, wa aina ile ya nanga za meli, wanafunga ncha moja kwenye katapila hili na ncha nyingine kwenye katapila lile, kisha mashine mbili zinakwenda sambamba na mnyororo unakokota kati yake ukiangusha kila ulichokikuta. Baba alikuwa akituambia kwamba kilichomtisha zaidi kilikuwa ule ukimya wa ghafla mnyororo ulipokwama kwenye mbuyu, kwa sababu hapo ndipo kila mtu alipokimbia akihofia usije ukakatika na kurudi. Mbuyu waliuzunguka wakauacha. Kama katika picha yako kuna mbuyu umesimama peke yake katikati ya uwazi, basi huna haja ya kuuliza tena.

Huyo Mzungu wa kaptula anaweza kukupotosha vilevile. Maelfu ya Waingereza walioomba kazi katika mradi walikuwa wametoka jeshini muda si mrefu, na walikuja na tabia za jeshini, yaani mahema, amri za filimbi, na hata nguo za kaki walizobaki nazo. Kambi za mradi zilifanana na kambi za jeshi kwa sababu waliozijenga hawakujua kujenga vingine. Mradi wenyewe ulifungwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36, na kwetu ukaacha bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo nayo iling'olewa miaka ya 1960. Jina lako la Stesheni sidhani kama limetoka mbali na hapo.

Kwa hiyo muulize bibi kama babu aliwahi kuwa "tani boi" au dereva wa mradi. Kile kitambulisho kilicholiwa na mende kitazame kwa uangalifu kabla hujakitupa.

Mkazi wa Nambambo (Nachingwea)

Mimi nataka kumtetea bibi.

Picha ya pili ni ya Farm 17, au kama si Farm 17 basi ni ya watu wale wale. Namba hiyo 17 ni ya mradi wa karanga anaoueleza Fundi. Mashamba yaligawanywa kwa namba, na wapigania uhuru wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipopewa eneo hilo mwaka 1965 walilikuta na jina lake. Wao wenyewe walikiita Kituo cha Maandalizi ya Kisiasa na Kijeshi, lakini sisi watoto wa Nachingwea hatukuwahi kutamka maneno yote hayo. Tulisema "Farm", na kila mtu alielewa. Leo jina limebaki kwenye shule ya sekondari.

Hao wanawake wanne wana maana kubwa katika kuisoma picha. Wanawake wa kwanza wa FRELIMO walipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea mwaka 1967, na kutoka kwao kikazaliwa kikosi cha wanawake walichokiita Destacamento Feminino. Josina, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel, alikuwa mmojawapo. Kwa hiyo picha yenye wanawake mstarini wakiwa na bunduki haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Upande wa mwisho nao unajulikana: mkataba wa Lusaka ulitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, Samora akaanza safari yake ya ushindi kutoka huku Mei 1975, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru.

Sasa tazameni maneno ya penseli: "Nachingwea, Mtwara". Mkoa wa Lindi ulianzishwa mwaka 1971 kwa kuumega mkoa wa Mtwara. Kabla ya hapo Nachingwea ilikuwa Mtwara kweli kweli. Kwa hiyo mimi ningeiweka picha hiyo kati ya 1967 na 1971.

Mavazi kutofanana nayo nayakumbuka. Niliwaona nikiwa mdogo walipokuja mjini na lori kuchukua mahitaji, mmoja na buti, mwingine na raba nyeupe iliyopauka kwa vumbi letu jekundu. Mama yangu alikuwa akiwauzia ndizi, na aliwasifu kwa jambo moja, kwamba walilima. Walikuwa na mashamba yao kule kambini, wakijilisha wenyewe kwa sehemu, na walimu wao wa vita walishika jembe nao. Wengi waliongea Kimakonde ambacho kwa sikio la mama kilikuwa kama cha Wamawia waliovuka Ruvuma zamani kuja kukata mkonge, ila wengine walitoka mbali huko kusini kwa Msumbiji na hawakuelewana hata wao kwa wao isipokuwa kwa Kireno na Kiswahili cha kuokoteza.

Kijana wa Shangani (Mtwara)

Nakubaliana na mengi, lakini hilo la 1971, mama yangu, halinitoshi. Watu hawabadilishi anwani siku mkoa unapobadilika. Bibi yangu mimi aliendelea kuandika "Jimbo la Kusini" kwenye bahasha miaka mingi baada ya uhuru, na barua zikafika. Penseli inatuambia mwandishi alizoea nini, haituambii alipiga picha lini. Zaidi ya hayo, hapo Nachingwea walikuja kufundishwa pia wapiganaji wa ZANU wa Zimbabwe katikati ya miaka ya 1970, na nao walikuwa na wanawake. Bila kujua sare au bendera, tuseme kati ya 1967 na 1976 tuishie hapo.

Mkazi wa Nambambo (Nachingwea)

Sawa mwanangu, hoja yako nimeipokea. Ila kama nyuma ya mistari ile kuna jengo refu la bati lenye tangi la maji juu ya nguzo upande wa kushoto, basi nipe mimi picha hiyo dakika moja tu na nitakuambia ni wapi.

Mtunza Nyaraka (Lindi)

Niruhusuni niseme machache kuhusu picha zenyewe kama vitu, kwa sababu mjadala huu unaweza kwenda vizuri sana huku picha zikiendelea kuharibika.

Hiyo iliyobandikwa usiibandue. Usiiloweke maji, usiipitishie mvuke wa birika, usiichokonoe kwa wembe. Karatasi ya picha ya umri huo ina tabaka la juu linalovimba na kumenyuka haraka kuliko gundi inavyoachia. Iache juu ya kadibodi yake, ifunge katika karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na uitenge na zile nyingine. Kama ulivyosema unakumbuka palikuwa na maandishi, kaa chini leo uandike kila unachokumbuka: yalikuwa juu au chini, kulikuwa na mstari katikati, herufi zilikuwa nzito au nyembamba. Mstari wa wima katikati ungeunga mkono neno la Mwalimu la postikadi.

Zile mbili zilizobaki ziskani mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu. Maneno ya penseli yaliyofutika mara nyingi huonekana ukiweka taa ubavuni, chini kabisa, ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la alfajiri. Penseli huacha mfereji hata rangi yake inapoondoka. Usiyapitishie kalamu juu ili yaonekane vizuri. Nimeona picha nyingi zimeuawa kwa nia njema ya namna hiyo. Zing'oe pia kwenye ile bahasha ya kaki, kwa sababu karatasi ya kaki huwa na tindikali inayozigeuza njano.

Kwa kulinganisha, picha za wakati wa Mjerumani ziko nyingi katika hazina ya picha za kikoloni ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, nazo hutazamwa kwa intaneti bila malipo. Za upande wa Mwingereza zipo katika jumba la makumbusho ya vita, Imperial War Museum, London. Kwa FRELIMO, waandikie Hifadhi ya Historia ya Msumbiji iliyoko Maputo. Hapa nchini anzeni na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na msisahau kwamba nchi yetu ina programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika ambayo kazi yake ni kukusanya vitu vya aina hii.

Jambo la mwisho. Watu walio katika picha ya pili wanaweza kuwa hai, au watoto wao. Si kila aliyepita Nachingwea alitoka na heshima. Mwaka 1975 baadhi ya wanachama waliotofautiana na uongozi wa FRELIMO waliletwa hapo hapo kushtakiwa hadharani, na familia zao bado zina maumivu. Kuiweka sura ya mtu mtandaoni na kumpa jina la kukisia ni jambo zito. Na mkitaka kwenda kulinganisha majengo, ombeni ruhusa kwa mtendaji wa kata kwanza, wala msielekeze kamera kwenye eneo lolote la jeshi.

Mjukuu wa Stesheni (Nachingwea)

Wazee wangu, ahsanteni sana. Jana jioni nilikaa na bibi na kibatari, kwa makusudi, ili nijaribu ule mwanga wa ubavuni.

Katika picha ya kwanza mbuyu upo. Uko pembeni kabisa, umekatwa nusu na ukingo, na mimi nilidhani ni kivuli cha kidole cha mpiga picha. Bibi alipousikia mjadala wa katapila alicheka, akasema babu hakuwa tani boi bali alikuwa akibeba mafuta ya mashine kwa madebe, na kwamba mradi ulipokufa alibaki kwenye karakana. Wapigania uhuru walipokuja yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kutengeneza lori lao, na picha ya pili alipewa na mmoja wao badala ya ujira wa siku ambayo hawakuwa na fedha. Kwa hiyo zote mbili zilitoka mahali pamoja, ila kwa kupishana miaka ishirini hivi.

Kitambulisho kimebakiza herufi chache za juu, naona kama "Overseas F", na namba ambayo nitaiandika vizuri mchana. Lile shirika lililoendesha mradi wa karanga Fundi atanithibitishia jina lake.

Tangi la maji lipo, mama wa Nambambo. Liko kushoto.

Askari watatu nimewatazama miguuni. Wawili wana viatu. Wa tatu miguu yake imefunikwa na gundi. Bibi anasema hiyo haikuwa ya babu bali ya baba yake, aliyetoka upande wa Nyangao, na kwamba zaidi ya hapo nimuulize shangazi wa Mtama, ambaye ana umri mkubwa kuliko yeye. Nakwenda Jumamosi, na binamu ameshafuta yale maelezo ya Burma.

Fundi Katapila (Mtwara)

Overseas Food Corporation. Ndio wenyewe. Usikitupe hicho kitambulisho.